Kila Alhamisi, Saa Mbili Usiku

Mwezi huu sina mtaalamu wa ndoa wa kumhoji wala barua ya kujibu. Mtuhumiwa wa mwezi huu ni mimi mwenyewe, na mume wangu amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti moja tu: nisitaje jina la mtu. Sawa, baba.

Ilianza na Alhamisi. Mume wangu anafanya kazi Posta, sisi tunakaa Tegeta, na anayeijua foleni ya Barabara ya Bagamoyo jioni hahitaji kuelezwa zaidi. Siku za kawaida anaingia nyumbani saa mbili, saa tatu, kachoka hadi shati. Ghafla nikaanza kuona kila Alhamisi saa moja na nusu keshafika. Anakula haraka haraka, anambusu binti yetu, na saa mbili kamili anajifungia kwenye kile chumba kidogo tunachoweka mchele na masanduku. Natega sikio mlangoni. Anacheka! Mwanamume mzima, peke yake, stoo, anacheka. Mwenzangu, ungekuwa wewe ungefikiria nini?

Dalili ya pili ilikuwa Luku. Mimi ndiye ninayenunua umeme nyumbani kwetu, na uniti nazijua kama ninavyojua chumvi ya mchuzi wangu. Zikaanza kuisha siku mbili tatu kabla ya kawaida, na hatukuwa tumenunua friji mpya.

Dalili ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa Alhamisi, simu yake iko mezani, yeye yuko bafuni. Ikawaka. Namba inaanza na +968. Meseji fupi: "Nimeshamruhusu. Ingia sasa, anakusubiri."

Namba za +968 ni za Oman. Na Oman namjua mtu mmoja tu wa kumwandikia mume wangu meseji usiku.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Kabla hajanioa, mume wangu alishapata mtoto. Wa kiume, sasa ana miaka kumi na mmoja. Mama yake ana ndugu Muscat, akahamia huko na mtoto akiwa na miaka minne, akaolewa huko huko. Yote hayo niliambiwa mapema, sikufichwa kitu. Ila mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, siku moja alikuwa anaongea na mtoto kwa simu sebuleni, mama mtu naye anasikika kwa nyuma, mimi nikajisikia kama mgeni nyumbani kwangu. Simu ilipokatwa nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa, ile sauti ambayo wanawake tunaijua: "Mambo ya huko naomba yasiingie humu ndani."

Na kweli hayakuingia. Miaka minne. Hela ya matumizi alituma, simu akapiga akiwa ofisini au ndani ya gari, na mimi nikawa najisifu kwa mashoga zangu kwamba nimeolewa na mtu anayeheshimu mipaka.

Basi siku ile nikaisoma meseji, nikaiweka simu pale pale, nikameza. Sikuwa na muda wa kugombana kwa sababu ilikuwa siku ya kufunga kurasa. Faili la gazeti zima lilikuwa kwenye laptopu yangu, kiwanda cha uchapaji kinalisubiri kabla ya saa nne usiku. Nikaanza kulipandisha kwa waifai ya nyumbani. Faili kubwa, linakwenda kwa mwendo wa konokono. Asilimia sitini. Sabini na tano. Tisini na moja. Kisha mtandao ukafa!

Mume wangu akatoka stoo na tochi ya simu. "Samahani mama, nimezima na kuwasha ruta. Poti imegoma kufunguka."

"Poti gani?" Nililipuka. "Poti ya Muscat?"

Akanitazama. Akaangalia simu yake mezani. Naona alielewa kila kitu kwa mara moja, maana hakujitetea hata kidogo, alifungua tu mlango wa stoo na kusema, "Njoo uone."

Juu ya sanduku la nguo za mtoto ilikuwepo laptopu yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo, ambayo mimi nilijua ameshampa mpwa wake. Ameiunganisha na televisheni ndogo. Kwenye kioo kuna kidirisha cheusi chenye mistari ya maandishi. Pembeni kuna tableti. Wakati nimesimama pale sijui niseme nini, ruta ikarudi hewani, na simu yake ikaingiza ujumbe wa sauti. Akaubonyeza mbele yangu. Sauti ya mtoto, Kiswahili cha Muscat: "Baba, inakataa. Inaandika haiwezi kuunganisha. Nijaribu tena?"

Nikakaa juu ya gunia la mchele.

Kama una mtoto au mdogo wako wa umri huo, Minecraft unaijua. Ni gemu la kujenga kwa vitofali vya mraba, lilitengenezwa Sweden, toleo kamili likatoka Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni iliyolitengeneza kwa dola bilioni 2.5. Mtoto alimwomba baba yake wacheze pamoja. Wakaanza kukutana kwenye seva ya wazi, ya watu wasiowajua, kila Alhamisi. Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo usiku wa Alhamisi kwao ndio usiku wa kutolala mapema. Saa mbili yetu ni saa tatu yao. Walijenga nyumba ya ghorofa moja, wakafuga kuku. Wiki moja wakaingia wakakuta watu wameibomoa yote, kuku hakuna, na mtu mmoja kamwandikia mtoto matusi. Mtoto hakutaka kurudi tena.

Ndipo mume wangu akaamua kuwa na seva yake mwenyewe, nyumbani, isiyoingiwa na mtu ila aliyetajwa jina. Na ile meseji ya "nimeshamruhusu"? Akaunti ya mtoto ya Microsoft haiwezi kuingia kwenye michezo ya pamoja mtandaoni mpaka mzazi anayeisimamia aruhusu. Mama yake alikuwa ameruhusu. Aliyekuwa anasubiri ni mtoto.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ulisema yasiingie humu ndani."

Sikuwa na jibu, wapenzi wasomaji, na mpaka leo sina. Nikamwambia tu nirudishie mtandao nimalize kazi, halafu tuzungumze. Kurasa zilifika kiwandani saa nne kasoro dakika tano, kwa bando la simu yangu.

Tulizungumza mpaka usiku mkubwa. Mambo mengine yanatuhusu sisi wawili. Lakini nusu ya mazungumzo ilikuwa ni kuhusu ruta, na hii nusu naomba niwaelezee, maana baada ya pale nimekuta wanandoa wengi wanagombania kifaa hicho bila hata mmoja kuelewa kinafanya nini.

Seva si mdudu wa kutisha. Ni programu tu inayokaa kwenye kompyuta na kusubiri watu waje. Ya Minecraft ya simu na tableti inapatikana bure kwenye tovuti ya wenyewe, na inakubali Windows au Ubuntu. Kompyuta kuukuu inatosha kwa watu watatu wanne. Mume wangu aliiunganisha na ruta kwa waya, si kwa waifai, kwa sababu waifai ikiyumba kidogo tu mchezaji anajikuta anatembea ukutani. Kisha akaipa kompyuta ile anwani ya ndani isiyobadilika, kama chumba chenye namba mlangoni, na akaiambia ruta: kitu chochote kikija kutoka nje kinaulizia poti namba 19132, kipeleke chumba kile. Hiyo ndiyo kufungua poti. Dakika kumi tu, alivyodhani.

Sasa mbona mtoto hakuingia? Hapa ndipo mume wangu alipopoteza wiki mbili na mimi karibu nipoteze ndoa.

Fikiria sanduku la posta. Zamani ofisi nzima, au shule nzima, ilikuwa na S.L.P. moja. Wewe ukiandika barua kwenda nje, jibu linarudi na jina lako, karani anakuletea. Lakini mtu usiyemwandikia akituma barua kwa namba ile bila jina, karani hajui ampe nani, anaitupa. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, zile za namba nne zenye nukta, ziko kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba kuu iligawiwa yote Februari 2011. Kwa hiyo watoa huduma wengi huweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja. Ukivinjari, ukitazama filamu, hujui tofauti, maana wewe ndiye unayeanza kuandika barua. Siku mtu wa nje anapotaka kukugongea mlango ndiyo unagundua kwamba huna mlango wa barabarani.

Kujua kama uko hivyo ni rahisi sana. Fungua ukurasa wa ruta yako, tazama anwani ambayo ruta imepewa na mtoa huduma. Kisha tafuta kwenye intaneti tovuti yoyote ya kukuonyesha anwani yako. Zikiwa tofauti, uko kwenye S.L.P. ya wengi. Na ikiwa ile ya kwenye ruta inaanza na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, usihangaike hata kulinganisha, hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo.

Mume wangu alipiga simu huduma kwa wateja mara tatu. Mara tatu akaambiwa azime ruta na kuiwasha. Ya tatu ndiyo iliyozima kurasa zangu! Sasa Ijumaa nikapiga mimi, na mnanijua. Nikasema sitaki kuzima wala kuwasha, nataka mtu anayejua anwani ya umma ni nini. Baada ya dakika ishirini za muziki akaja kijana mmoja mstaarabu, akasema, "Dada, anwani yenu ni ya kuchangia. Ya peke yenu ipo, ila inalipiwa kila mwezi."

Kila mwezi. Hapo ndipo yalipokuja mazungumzo ya pili, ya hela. Nilimwuliza kwa nini asilipie Realms tu, ile huduma ya wenye gemu wenyewe, ambapo unakodi dunia yako na kualika watu, hakuna poti wala stoo. Na kusema kweli, msomaji, kama wewe unataka kucheza tu na marafiki, fuata njia hiyo, utalala usingizi. Kuna pia programu za kuunganisha vifaa moja kwa moja kana kwamba viko nyumba moja, ila zinatakiwa ziwekwe pande zote mbili, na hatukutaka kumwomba mama wa watu aweke vitu asivyovijua kwenye tableti ya mtoto wake.

Mume wangu alikaa kimya. Halafu akasema, "Hana chumba hapa kwetu. Nilitaka angalau hiki kiwe hapa."

King'amuzi chetu tulikuwa tunalipia kifurushi kikubwa, chaneli mia na kitu, tunatazama nne. Tukashusha. Tofauti ikalipa anwani. Mechi zake za Ulaya sasa anazifuata kibandani kama ujana wake, na mimi tamthilia zangu nimeshazizoea kwa simu.

Anwani ikaja Jumatatu. Akajaribu kuingia kwa kutumia tableti, pale pale sebuleni. Ikakataa! Jumanne, ikakataa. Nilimwona anavyokonda usoni. Mimi, mwenye shahada ya mawasiliano, nikauliza swali la kijinga: "Wewe si uko ndani ya nyumba? Unatokaje nje kuja kugonga mlango wako mwenyewe?" Akasema haihusu. Nikazima waifai kwenye tableti, nikawasha hotspoti ya simu yangu, bando langu mwenyewe, nikamwambia jaribu. Ikafunguka hapo hapo. Kumbe ruta nyingi hazijui kumpokea mtu wa ndani anayetumia anwani ya nje. Ukiwa ndani unatumia anwani ya ndani, ukitaka kupima kama dunia inakuona, pima kwa mtandao wa simu. Tangu siku hiyo ananiita injinia, na mimi sikatai.

Kulikuwa na hasara pia. Wiki ya tatu umeme ulikatika wakati seva inafanya kazi. Laptopu ingejitegemea kwa betri yake, lakini betri ile ilikufa zamani. Ulipowaka, dunia yao ikakataa kufunguka, na nakala hakuna. Mtoto alilia kwenye simu, sasa simu inapigwa sebuleni, nikamsikia kwa masikio yangu. Wakaanza upya. Siku hizi kuna betri mpya, kuna kile kibetri kidogo cha ruta wanachouza Kariakoo, na kila Ijumaa asubuhi mume wangu ananakili folda nzima ya dunia kwenye flashi mbili. Nyaraka za kiwanja chetu hatujawahi kuzitunza hivyo.

Luku nayo tumeielewa. Mashine inayokula wati 20 mchana na usiku inamaliza uniti 14 na kidogo kwa mwezi. Kwa hiyo seva inawashwa Alhamisi jioni, inazimwa Ijumaa usiku. Siku nyingine inapumzika na mchele wake.

Na usalama, tafadhali, maana niliambiwa na fundi wa ofisini kwetu kwamba kuna watu wanafungua milango yote ya ruta ili gemu likubali, kisha kompyuta ya kazi iko humo humo. Fungua poti moja unayoihitaji, basi. Ile nywila iliyobandikwa chini ya ruta, uliyokuja nayo kutoka dukani, ibadilishe leo. Kwenye seva washa orodha ya walioruhusiwa, ili hata mtu akiijua anwani yenu asiingie bila jina lake kuwemo. Na ruta yetu ina sehemu ya kupanga kipaumbele. Gemu halili mtandao mwingi, linachotaka ni mwendo usiokatika. Anayeziba njia ni mtu anayepandisha faili kubwa, yaani mimi. Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba siku zote za Alhamisi alizokuwa akigandaganda kwenye gemu, mkosaji alikuwa gazeti letu. Nimeomba radhi kwa niaba ya bodi ya wahariri.

Kitu kimoja bado kinanishangaza. Kutoka hapa mpaka Muscat kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 4,000. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unaweza kwenda na kurudi umbali huo kwa sekunde moja iliyogawanywa mara ishirini na tano. Njia halisi ya mikongo ni ndefu zaidi, lakini mtoto akiruka kule, baba yake anamwona anaruka. Nilikuwa mwanafunzi mkongo wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Kabla ya hapo data zilikuwa zikipanda mpaka setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu ya vichwa vyetu na kushuka tena. Tulishangilia kwa sababu ya kupakua nyimbo. Sikuwaza kabisa mtu na mwanawe.

Orodha ya walioruhusiwa ilikuwa na majina mawili. Mwezi uliopita mume wangu aliniuliza, bila kunitazama, kama anaweza kuongeza la tatu. Nikamwambia mimi gemu sijui. Akasema mtoto ndiye aliyeuliza.

Alhamisi iliyofuata nikaingia stoo na kiti changu. Nikapewa tableti, yeye akachukua simu. Nilitua kwenye majani, nikaanguka mtoni, nikagonga mti. Kisha mtu mdogo wa vitofali akaja mbio, akasimama mbele yangu, akainama inama kama anayesalimia. Maandishi yakatokea juu ya kioo: "shikamoo mama mdogo".

"Marahaba," nikaandika. Ilinichukua muda kuzipata herufi.

Akanitembeza. Nyumba mpya ina ghorofa mbili, zizi la kuku, na bustani ya maboga ambayo baba yake alisema ni wazo la mtoto na mtoto alisema ni wazo la baba. Jua la humo likaanza kuzama. Usiku unapoingia, mazombi hutoka, na dawa ni kulala. Lakini kwenye seva yetu usiku hauruki mpaka wachezaji wote waliomo wawe kitandani. Wao wawili wakapanda vyao. Mimi nimesimama katikati ya chumba, sijui pa kubonyeza, nje kitu kinakoroma.

"mama mdogo chako ni kile chekundu," akaandika. "nimekiweka jana. lala basi, bila ww hakukuchi".